Chokaa ya Gondar

Kabla sijainua macho kuutazama mnara, nilipitisha kidole katikati ya mawe mawili, pale kwenye kiungo. Mlinzi akanikodolea macho, nikarudisha mkono. Lakini nilikuwa nimeshapata nilichokitaka: ncha ya kidole ilikuwa na unga mweupe. Chokaa.

Mimi ni mtoto wa fundi wa chokaa. Marehemu baba yangu aliichoma Lamu kama alivyofundishwa na baba yake. Kuni zilipangwa duara hadi kimo cha mtu, matumbawe yakalundikwa juu, moto ukatiwa, nasi watoto tukakatazwa kusogea. Mawe yakishaiva humwagiwa maji, yakapasuka kwa mlio kama wa chumvi motoni, kisha chokaa ikaachwa ipate mvua na umande miezi na miezi. Baba hakuwa na haraka nayo. Chokaa isiyolala, alisema, haijengi.

Kwa hiyo nilipoona kwa mara ya kwanza picha za majumba ya wafalme wa Uhabeshi, swali langu halikuwa nani aliishi mle. Niliuliza ni nini kilichoyashika mawe yale juu ya milima, mamia ya kilomita kutoka kwenye tumbawe la karibu. Swali hilo nilikaa nalo miaka mingi. Januari ya mwaka 2018 nikaenda kulitazama.

Nilifika Gondar kwa gari dogo la abiria kutoka Bahir Dar, mji ulio kusini mwa Ziwa Tana. Jioni iliyotangulia dereva alituambia tutaondoka saa mbili. Mimi sikuwa na la kuuliza, kwa sababu Wahabeshi huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza siku inaanza, na saa moja ni saa moja baada ya alfajiri. Wageni wengine wawili walidhani ni saa mbili ya Kizungu, ya mchana, na gari likaondoka bila wao. Nilikaa dirishani nikitazama mashamba ya tefu yaliyokwisha kuvunwa na punda wenye mizigo ya kuni, na moyoni nikahisi kwamba nchi inayohesabu saa kama kwetu haiwezi kuwa ya ugeni mtupu.

Mji uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani huijua hesabu hiyo kwa kifua chake anapopanda ngazi, na usiku huijua kwa blanketi la pili. Milima ya Simien iko upande wa kaskazini.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa makamo, mwalimu mstaafu, ambaye wenzake walimwita Gashe, kama sisi tunavyomwita mtu Mzee kwa heshima. Nami nikamwita hivyo hivyo. Alipoona nimesimama karibu robo saa mbele ya ukuta mmoja bila kupiga picha, aliniuliza nina kazi gani. Nikamwambia kuhusu baba. Akagusa kiungo kile kile nilichokigusa, akasema neno moja la Kiamhari: nora. Masikio yangu yalisimama. Chokaa ile laini ya kumalizia kuta ndani ya nyumba za Lamu, mafundi wetu wanaiita neru. Waarabu nao husema nura. Tulisimama pale wazee wawili, kila mmoja akirudia neno la mwenzake.

Ua lote linaitwa Fasil Ghebbi, yaani ua wa kifalme wa Fasil. Lina ukubwa wa hekta saba, limezungukwa na ukuta wa mita 900 wenye malango 12, na kila lango lilikuwa na watu wake. Kuna lango la majaji, lango la wapiga muziki, na lango la waliokuja kwa matanga na kumbukumbu za maiti. Nililipenda hilo la mwisho. Mji unaomtengea mwenye msiba lango lake ni mji uliofikiria watu wake.

Kabla ya Gondar, kwa vizazi vingi, wafalme wa Uhabeshi waliishi katika mahema. Mfalme alihama na jeshi, mapadri, wapishi, waandishi na mahakama, na kila alipotua ulisimama mji wa turubai wa maelfu ya watu. Kuni zikiisha na chakula cha jirani kikiliwa, mji ukakunjwa ukabebwa. Kambi hiyo iliitwa ketema, na hadi leo neno hilo ndilo Wahabeshi wanalolitumia kwa mji.

Aliyekunja mahema ni Fasilides, ndiye Fasil mwenye ua. Baba yake, Susenyos, alikuwa ameingia Ukatoliki mwaka 1622 kwa ushawishi wa mapadri Wajesuiti, akataka nchi nzima imfuate. Damu ikamwagika. Mwaka 1632, akiwa amechoshwa na kuua raia zake mwenyewe, alitangaza kwamba kila mtu arudi katika dini ya wazee, akamwachia mwanawe kiti. Fasilides aliwafukuza Wajesuiti, na mwaka 1636 akafanya makao Gondar. Hadithi ya mtaani, ambayo Gashe aliisimulia kama mtu anayesoma shahada ya kuzaliwa, ni kwamba mfalme alikuwa akimfuata nyati mawindoni, nyati akamleta hadi kwenye dimbwi la maji, na pale mtawa mzee akamwambia: jenga hapa. Kuna pia utabiri wa kale kwamba mji mkuu utaanza kwa herufi ya G. Wafalme waliomtangulia walishajaribu Guzara na Gorgora.

Kasri la Fasil ndilo kubwa kuliko yote. Ni jengo la mraba la mawe ya basalti, rangi yake ikiwa kati ya kijivu na hudhurungi, na katika kila pembe pana mnara wa duara wenye kuba dogo kama nusu ya yai. Juu ya yote unapanda mnara wa mraba, kimo chake mita 32. Madirisha na milango imetiwa matao ya jiwe jekundu la volkano, laini kuchongeka, na wekundu huo juu ya ukuta wa kijivu unafanya kazi ambayo kwetu hufanywa na mlango wa nakshi: unakuonyesha pa kuingia. Chini ni kumbi za kulia na kupokea wageni. Ngazi za nje zinakupeleka juu, ambako pana chumba cha sala cha mfalme, chenye madirisha ya kutazama pande zote nne za mji. Kwenye paa la ghorofa hiyo ndiko Fasil aliposimama kusema na watu wake. Siku hewa ikiwa safi, ukiwa juu unaliona Ziwa Tana kama utepe wa bati.

Ndani nilipima kumbi kwa hatua, nikaona jinsi mbao zinavyoamua sura ya nyumba. Vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki hata mita tatu. Huku juu, miti ya milimani hutoa mbao ndefu, na kumbi zikapanuka. Lakini kuta zilikuwa za kwetu: nene, jiwe kubwa nje, mawe madogo ndani, na chokaa imejaa kila tundu. Fundi aliyeusimamisha ukuta ule hakujengea mtu mmoja.

Alikuwa nani fundi huyo? Hapo ndipo nilipokasirika, tena si mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kwa muda mrefu wageni walioiona minara na matao haya walisema: hii ni kazi ya Wareno. Ni kweli Wareno walifika. Mwaka 1541 Cristóvão da Gama alileta askari wapatao 400 wenye bunduki kuisaidia Uhabeshi katika vita dhidi ya Imamu Ahmad, na baada yao wakaja Wajesuiti. Mmoja wao, Jerónimo Lobo, alijaribu hata kupitia kwetu: mwaka 1624 alishuka Pate, akatafuta njia ya kuingia Uhabeshi kupitia nchi ya mto Juba, akashindwa, akarudi kuzungukia Bahari ya Shamu. Jesuiti mwingine, Pedro Páez, alimjengea Susenyos nyumba ya mawe kule Gorgora. Lakini tazama miaka. Páez alifariki mwaka 1622. Gondar ilipoanza, Wajesuiti walikuwa wameshafukuzwa, na mfalme aliyewafukuza kwa hasira zile asingewaita tena kumpimia msingi wa nyumba.

Yuko shahidi aliyeliona kasri likiwa bado jipya. Mwaka 1648 Imamu wa Yemen alimtuma balozi wake, Hasan bin Ahmad al-Haymi, kwa Fasilides. Al-Haymi alilistaajabia jengo la mawe na chokaa lililosimama katikati ya mji wa vibanda vya nyasi, na akaandika kwamba mjenzi wake alikuwa Mhindi. Kabla ya hapo, kumbukumbu za zama za Susenyos zinamtaja Mhindi aitwaye Abdal Kerim miongoni mwa waliojenga kasri la Danqaz. Na ni zama hizo hizo, miaka ya 1620, ambapo mtu aliyetoka India alilitambua katika milima hii jiwe linalofaa kuchomwa chokaa. Jiwe lilikuwapo tangu dunia iumbwe. Lilikosa mtu wa kulitambua kwa jicho na kulitia moto.

Kwa hiyo jibu la swali langu la miaka mingi lilikuwa hilo: bahari haikuhitajika. Ujuzi ulipanda mlima peke yake, ndani ya kichwa cha mtu.

Na hakupanda ili afanye kazi peke yake. Waliochonga mawe, waliochoma, waliobeba, walikuwa watu wa nchi. Gashe alisisitiza niwakumbuke Beta Israel, Wayahudi wa Uhabeshi, ambao walikuwa waashi, wahunzi na wafinyanzi wa Gondar. Vijiji vyao vilikuwa kando ya mji, na wengi wa wajukuu zao walihamia Israel katika miaka ya 1980 na 1990. Watu walionyimwa ardhi ndio waliojenga nyumba za wenye ardhi. Na mpangilio wa nyumba yenyewe, ua ndani ya ukuta na malango yenye kazi zake, ni wa kambi ya mahema ya kifalme, safari hii kwa mawe.

Nasema nilikasirika kwa sababu hadithi hii naijua. Kilwa, Gedi, Pate: tuliambiwa miaka nenda rudi kwamba miji hiyo ililetwa na wageni kutoka ng'ambo, nasi tulikuwa watazamaji. Ilibidi wachimbaji wafike Shanga, kisiwa hicho hicho cha Pate, katika miaka ya 1980, wakute chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, kurudi nyuma hadi karne ya 8. Watu wale wale, mahali pale pale, walijifunza jiwe polepole. Kuta za Gondar nazo zimejengwa na watu waliojifunza. Mwalimu wao alitoka India, na hilo haliwapunguzii kitu. Baba yangu pia alifundishwa.

Nyumba nyingine za uani nilizipita kwa mwendo usio sawa. Maktaba ya Yohannes wa Kwanza, aliyetawala 1667 hadi 1682, ni jengo dogo zuri, nami nililitazama kwa mchanganyiko wa moyo, maana mfalme huyo huyo mwaka 1668 aliamuru Waislamu wahame wakae mtaa wao, chini, mbali na Wakristo. Mtaa huo ulikuwa wa wafanyabiashara walioijaza Gondar bidhaa. Ijumaa nilikwenda kusali huko, na baada ya sala nikapewa kahawa vikombe vitatu, kwa mpangilio usiovunjwa.

Kasri la mwanawe, Iyasu, ndilo lililonikalisha chini. Iyasu Mkuu alitawala kuanzia mwaka 1682. Husimuliwa kwamba nyumba yake ilipambwa kwa pembe za ndovu, vioo, na dari la dhahabu lenye michoro ya mitende. Mwaka 1699 tabibu wa Kifaransa, Charles Poncet, alisafiri hadi hapa kumtibu. Leo kasri hilo halina dari. Tetemeko la mwaka 1704 lilianza kulibomoa, na mabomu ya Waingereza ya mwaka 1941 yakamalizia. Unasimama ukumbini na mawingu yanapita juu yako. Iyasu mwenyewe aliondolewa kitini na mwanawe mwaka 1706, kisha akauawa, na mwana huyo naye akauawa miaka miwili baadaye.

Kila mfalme alijenga nyumba yake kando ya nyumba ya baba. Hakuna aliyetosheka kulala katika chumba cha aliyemtangulia. Dawit alijenga nyumba ya nyimbo, akafa kwa sumu mwaka 1721. Bakaffa akafuata na ukumbi mrefu wa karamu na mazizi ya farasi. Nilimuuliza Gashe: wana wengine walikaa wapi, hao ndugu wasiorithi? Akanyoosha mkono nje ya ukuta, kuelekea milimani.

Kuna mlima unaitwa Wehni. Pande zake ni wima kama zimekatwa kwa shoka, na juu yake ni tambarare ndogo. Tangu zama za Fasilides, wanaume wa ukoo wa kifalme walipandishwa huko wakafungwa, wasije wakagombea kiti. Walioa huko, wakazaa huko, wakazeeka. Mfalme akifa, wakuu walikwenda mlimani kuchagua mmoja, wakamteremsha. Bakaffa aliwahi kuwa mfungwa wa Wehni. Nilipolijua hilo, ukumbi wake wa karamu ulibadilika machoni pangu. Ni mrefu kupita haja, na milango yake ni mingi. Nadhani, na hii ni dhana ya mtoto wa fundi tu, mtu aliyekulia juu ya jabali lenye njia moja ya kushukia angejenga hivyo.

Nyumba ya mwisho ni ya mwanamke. Mentewab, mke wa Bakaffa, aliishika nchi kwa niaba ya mwanawe mdogo, Iyasu wa Pili, kuanzia mwaka 1730, akajenga kasri lake uani na jingine Qusquam, juu ya kilima nje ya mji. Huko ndiko alikokaribishwa Mskoti James Bruce alipofika mwaka 1770. Wakati huo nguvu za ukoo zilishakwisha. Makabaila waliweka na kuondoa wafalme watakavyo, Mfalme Tewodros akaja akauhamisha mji mkuu na kuupora wa zamani, na mwaka 1888 askari wa Mahdi kutoka Sudan wakauchoma.

Kuhusu 1941 nataka nikae kidogo. Gondar ilikuwa ngome ya mwisho ya jeshi la Italia katika Afrika Mashariki. Jenerali Nasi alisalimu amri tarehe 27 Novemba mwaka huo. Kati ya vikosi vilivyoupanda mlima kwa risasi zilikuwamo brigedi mbili za Afrika Mashariki, zenye askari wa KAR (King's African Rifles), vijana wetu wa Kenya, Tanganyika na Uganda, waliopeana amri kwa Kiswahili. Utotoni mtaani kwetu palikuwa na mzee aliyekatika vidole viwili vya mguu. Alikuwa akisema viliachwa Habeshi, kwenye baridi. Tulimwona mzushi. Nikiwa Gondar, usiku wa blanketi la pili, nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Waitalia, wakati wa ukaaji wao, waliyatengeneza baadhi ya majumba kwa saruji na zege. Ni kosa tunalolifanya pwani kila siku kwa nia njema. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo jirani yake. Unyevu unaoingia ukutani haupati pa kutokea, jiwe linaanza kumeguka huku saruji imesimama wima kama mgeni asiyeona aibu. Chokaa hupumua. Hukubali kupasuka ufa mdogo na kujiziba yenyewe. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1970, mafundi waliiondoa sehemu kubwa ya saruji ile wakarudisha chokaa, na mwaka 1979 ua huu ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Siku yangu ya mwisho Gashe alinipeleka penye bwawa la Fasil, mwendo wa kilomita mbili hivi kutoka uani. Ni hodhi kubwa la mawe, na katikati yake nyumba ndogo ya ghorofa mbili iliyosimama juu ya matao, kama imetia miguu majini. Mizizi ya mitini mikubwa imeukumbatia ukuta unaolizunguka, hujui tena nani anamshika nani. Mwaka mzima hodhi hukaa kavu. Siku za kuelekea Timkat, sikukuu ya ubatizo ambayo kwa kawaida huangukia tarehe 19 Januari, hufunguliwa mfereji kutoka mto Qaha, nalo likajaa kidogo kidogo, hadi alfajiri ile mapadri wabariki maji na vijana wajirushe kwa mamia.

Tulikuta maji ndiyo kwanza yameanza kuingia. Kando, nje kabisa, fundi mmoja alikuwa akiziba ukuta mdogo wa mpaka. Chokaa yake ilikuwa kwenye karai. Niliinuka nikaisogelea, nikainusa. Ilikuwa imelala vya kutosha.

Gashe alisema naye kwa Kiamhari, nikasikia nora mara mbili. Fundi akaniangalia mikono, akanipa mwiko. Nilikanda kidogo, nikachota, nikajaza kiungo kimoja cha urefu wa shubiri, nikakibana kwa upande wa mwiko na kukipangusa kwa kidole gumba, kama nilivyoonyeshwa nikiwa na miaka tisa. Fundi alikigusa, akarudisha mkono, akasema neno.

“Anasema uendelee,” Gashe akaniambia.

Nikaendelea. Saa kumi na moja jioni, tulipoosha mikono, maji yalikuwa yameifunika ngazi ya kwanza ya hodhi.